Barua ya Mvua

Zamani niliziandika mwenyewe, usiku,
baada ya kumwagia miche ndoo ya mwisho,
miguu ndani ya beseni,
kompyuta juu ya gunia la mboji.
Barua arobaini na moja, kila mtu na ugonjwa wake:
Mama Tusekile na mparachichi wake uliogoma,
Nyaulingo wa wizarani, aliyepanda mkungu
ukiuegemea ukuta wa jirani,
na Kidagisa wa Manyoni, ambaye hanunui kitu,
anapenda tu kuulizwa habari za ng'ombe.

Walipofika mia tatu, mkono ukasema basi.

Chilewa, mtoto wa kaka, akaja na bando na maneno mapya.
"Shangazi, wewe andika mara moja.
Mashine itakumbuka. Utalala."
Akaupanga mwaka mzima kama anayepanga viriba:
Machi, palilieni. Juni, wekeni matandazo.
Septemba, chimbeni mashimo.
Desemba tano, saa kumi na mbili asubuhi:
*Mvua zimefika. Njooni mchukue miche.*

Kulala, nililala.
Ila mashine haizijui saa zetu,
haingoji jua lichomoze ndipo ianze kuhesabu.
Kumi na mbili yangu ikawa usiku wa manane,
na matandazo yakagonga simu mia tatu gizani.
Mama Tusekile alikaa kitandani
akisubiri kuambiwa nani amekufa.
"Matandazo?" alinipigia. "Matandazo, dada?"

Tukarekebisha.
Ya Septemba ikaanza: *Mpendwa JINA,*
kwa wote, kwa herufi kubwa,
kama salamu ya mgeni aliyekosea mlango.
Mmoja tu alijibu:
"Jina ndiye mimi. Niwekee mipera miwili."

Desemba tano haikumuuliza mtu.
Nilikuwa nafagia kitaluni. Hapa Nala
vumbi unalifagia leo, kesho linarudi na ndugu zake.
Mbingu ilikuwa nyeupe, sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga,
na mwenye boza la maji alikuwa ananidai elfu themanini.
Saa mbili gari la kwanza likasimama.
Nyaulingo, suruali ya ofisini,
jembe jipya lenye lebo.
Akatazama juu. Akanitazama mimi.
"Mvua iko wapi?"
"Iko kwenye barua," nikasema.

Saa tano walikuwa kumi na wanne.
Wengine walicheka. Mmoja alitaka kupanda hivyo hivyo,
kwa kuwa ameshaomba ruhusa kazini.
Nikamnyang'anya kiriba mkononi:
mche haujui kusoma, baba, rudi nyumbani.

Usiku nikaifungua kompyuta niifute kazi yote ya Chilewa.
Jibu moja lilikuwa linangoja.
Kidagisa, ambaye tangu mashine ianze
hakuwahi kuandika neno:

"Umejuaje? Imetunyeshea tangu alfajiri.
Ng'ombe wamesimama tu, wanalowa,
hawataki kuingia zizini.
Siku hizi barua zako hazinisalimu.
Lakini hii nimeisoma mlangoni, na harufu ya udongo.
Niwekee mkomamanga mmoja."

Nikaisoma mara tatu, chini ya bati lililokuwa bado na joto la mchana.
Uongo wangu ulikuwa umesafiri
mpaka ukakuta mahali unapofaa.

Mashine sikuifuta. Na ipalilie Machi,
na iwakumbushe watu mashimo, kazi hiyo inaiweza.
Ila ya Desemba nimeitoa kwenye ratiba.
Inakaa pale bila tarehe, na siku tone la kwanza likigonga bati
nitaituma mwenyewe, kwa kidole chenye udongo.
Na Kidagisa nimemtoa kwenye orodha ya mia tatu.
Yeye ni wa beseni na gunia la mboji:
dume lenye madoa limepona mguu?

Leo ni tarehe kumi na tisa.
Bati bado.